Mgeni wa Jumapili Ishirini na Sita

Jumapili, tarehe 5 mwezi wa tano, 2024

Nimekaribishwa tena. Mara ya ishirini na sita!

Nimehesabu vizuri. Tangu Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja sijakosa ibada hata moja, isipokuwa ile ya malaria. Na kila Jumapili, baada ya wimbo wa pili, Mama Félicité wa protokole anasimama mbele na kitambaa chake cha njano begani, anauliza kama leo Bwana ametuletea wageni. Mimi nainama. Natafuta kitu chini ya benchi. Chini ya benchi hakuna kitu. Ananiona. Anakuja, ananishika mkono kwa upole ambao mtu hawezi kupigana nao, ananipeleka kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa. Kanisa lote linaimba. Halafu ananiomba niseme jina langu na nilikotoka.

Nafungua kinywa. Inatoka sauti ya kifaranga aliyekanyagwa. Mama Félicité anacheka kwa huruma, anawaambia watu kwamba mugeni wetu iko na haya, tumupigie makofi tena. Makofi. Soda. Nakaa.

Nieleze, maana daftari hili halijui kitu. Kanisa la Mlango Wazi liko hapa Mulongwe, hatua hamsini toka mtoni. Mbao, mabati, watu kama sabini. Linapokea kila mtu: Wafuliiru, Wabembe, Warundi, sisi tulioteremka kutoka milima ya Mulenge. Kuna mama aliyefukuzwa kwingine kwa sababu ni mke wa pili. Hapa ni shemasi. Kuna baba anayenuka kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi. Hapa anaimba besi. Wote washirika. Mimi peke yangu, msichana wa miaka kumi na sita asiyenuka kitu, bado mgeni!

Ni kwa ajili ya sheria moja. Katibu wetu, Papa Evariste, mwalimu mstaafu, anaandika kwenye daftari la washirika jina alilolisikia kwa kinywa cha mwenyewe, mbele ya watu. Hakuna kusemewa. Wanasema hapa mtu havutwi kuingia, anaingia kwa kinywa chake. Sheria nzuri sana. Kwa watu wenye kinywa.

Na wiki mbili zijazo ni Pentekoste. Siku hiyo daftari lote linasomwa. Desturi hiyo, nimesimuliwa, ilianza mwaka ule mto ulipobeba nyumba, watu wakabaki wamesimama kwenye matope wanatafutana. Papa Evariste anasoma jina, na mwenye jina hajijibii. Wanaojibu ni wale walioketi naye benchi moja: Iko! Kama amesafiri: Iko safarini, tunamungojea! Kama amekufa: Iko kwa Bwana! Hakuna jina linaloanguka chini.

Mama yangu anapiga simu toka Mulenge pale mtandao unapokubali. Haulizi habari za shule. Anauliza: uko na watu? Kwa tantine Olga, ndugu yetu ninayekaa kwake, nalala saluni, yaani sebuleni, na godoro langu linakunjwa kabla ya saa kumi na mbili ili wageni wakija wasione kwamba nipo. Shuleni, huu mwaka wa pili, bado wananiita la nouvelle, yule mpya. Lakini wiki jana nilimjibu mama kwamba ndiyo, niko na watu, na kwamba siku ya Pentekoste jina langu litasomwa. Uongo mtupu. Ulitoka laini kabisa. Kwenye simu nina sauti nzuri.

Chadrack, kijana wa Runingu, amefika wiki tatu tu zilizopita. Alitaja jina lake kabla hajaulizwa. Yumo daftarini. Wamekwisha kumpa na kazi ya kengele! Namchukia kwa upendo wa Kikristo.

Jumanne, tarehe 7

Mpango! Kinywa kimekataa, lakini mkono ninao. Nimemwandikia Papa Evariste barua ya kuomba kuandikwa. Kwa Kifaransa, kwa sababu barua ya Kiswahili watu wanaisoma kama salamu. Nimeanza kama tulivyofundishwa, J'ai l'honneur, nina heshima ya kukuandikia, na utu wako mkuu, na unyenyekevu wangu usio na mwisho. Kurasa mbili. Machozi kidogo kwenye aya ya tatu, lakini ya heshima. Nimeipitisha chini ya mlango wake, nikakimbia kama mwizi.

Alhamisi, tarehe 9

Siku ya Kupaa kwa Bwana. Matumaini yangu nayo yamepaa, hayaonekani tena.

Papa Evariste ameniita baada ya maombi. Amenirudishia barua. Imejaa wino mwekundu! Kumi na nne kwa ishirini. Amenisifu kwamba mwandiko ni safi, ila nirudie sarufi ya subjonctif. Kumbe watoto wote wa kartia, mtaa wetu huu, wanampelekea barua zao azisahihishe kabla ya kuzipeleka ofisini, na yeye husahihisha bila kuuliza, ndio ualimu wake uliobaki. Amenishauri niinakili upya kisha nimpelekee muhusika.

Muhusika ni yeye!

Nilitaka kumwambia. Nikasema merci, asante.

Jumamosi, tarehe 11

Salongo ya kanisa, kazi ya wote. Kila Jumamosi washirika wanabeba mawe toka mtoni na kuyapanga kuwa ukuta, ili maji yakija tena yapate kizuizi. Nikawaza: asiyeweza kusema, abebe. Nani atamwita mgeni mtu mwenye jiwe kichwani? Nimevaa kitambaa cha kazi. Nimefika wa kwanza. Nimeinua jiwe kubwa kabisa.

Mama Félicité, ambaye ndiye mkubwa wa mawe pia, amelipokonya mikononi mwangu kwa hofu, kama nimebeba mtoto wa mtu kichwa chini. Mugeni abebe jiwe! Wataonekana watu gani! Ametuma kiti. Ametuma mwavuli. Ametuma chai ya maziwa. Nimekaa saa tatu nzima juu ya ukingo wa mto kama mkuu wa wilaya, nawaangalia watu sabini wakitoka jasho.

Nikiwa pale kitini nikaona jambo. Chadrack ameangusha jiwe juu ya mpini wa jembe, ukavunjika. Mama Félicité, ulimi ule ule unaonimwagia asali, amemgeukia kwa pilipili. Weye Chadrack! Akili uliiacha Runingu? Jembe ni la baba yako? Na shati hilo unalifua na matope? Na jana ulikula wapi, mbona hukupita kwangu? Amemkaripia mpaka watu wameshika mbavu. Chadrack mwenyewe anacheka, jasho linatiririka, ana sura ya mtu aliyepewa zawadi.

Mimi hakuna aliyewahi kunikaripia. Mara ishirini na sita nimechekewa, hata mara moja sijafokewa.

Chai ilikuwa tamu. Nimeimeza kama kwinini.

Jumapili, tarehe 12

Mpango: kuchelewa. Wageni wanaitwa baada ya wimbo wa pili. Nikiingia kwenye wimbo wa nne, hatari imepita. Nitajibanza benchi la nyuma kati ya akina mama wawili wanene, sitaonekana.

Nimesubiri nyuma ya mparachichi mpaka wimbo wa nne. Nimeingia kwa ncha za vidole. Mchungaji Venant amesimamisha wimbo! Amesema kwa furaha kwamba Bwana ametukumbuka, kwani leo Mama Félicité alikuwa amekosa mgeni hata mmoja na moyo wake ulikuwa mzito. Watu wote sabini wamegeuka. Kiti. Kitambaa cha njano. Makofi, marefu kuliko ya siku zote, kwa sababu walikuwa wameyaweka akiba.

Mara ya ishirini na saba.

Sikula mchana. Tantine Olga aliuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema basi nikunje godoro, kuna watu wanakuja.

Jumatano, tarehe 15

Nimefikiri sana, siku tatu, hata kwenye somo la kemia. Na nimeelewa. Hawawezi kunikaripia kwa sababu sijawahi kuwakosea. Lazima nikosee! Kosa la kweli, la mtu wa nyumbani. Wakishanifokea mbele ya wote, hakuna tena njia ya kuniita mugeni.

Kengele ya kanisa ni janti, rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye mparachichi. Inapigwa na kipande cha chuma cha urefu wa mkono, kizito kama mtoto mchanga. Bila chuma kile hakuna kengele.

Leo saa tisa, nikitoka shule, nimekichukua. Mchana kweupe, na sare yangu ya bluu na nyeupe. Nilitaka kukamatwa. Nilikohoa mara mbili. Hakuna aliyetoka. Nikakohoa tena. Mbuzi mmoja aliniangalia.

Basi, kimo ndani ya sakoshi yangu ya shule. Kesho kwenye maombi watauliza nani amechukua chuma. Nitainua mkono. Kuinua mkono hakuhitaji sauti. Mama Félicité atanimaliza! Nimelala chali nikijaribu sura ya mtu aliyefokewa.

Alhamisi, tarehe 16

Ee Mungu.

Imenyesha tangu saa sita. Nilisahau jambo moja. Hapana, si kweli, hapa sitadanganya: sikulifikiri kabisa. Kengele ile si ya ibada peke yake. Mvua ikishika milimani na mto ukianza kupanda, ndiyo inayopigwa, ili watu wa ng'ambo hii waondoe watoto na vitu. Chadrack alikimbilia kwenye janti, hakuona chuma. Akapiga na jiwe. Ka, ka, ka. Kama mtu anayevunja mfupa nyuma ya nyumba. Nani angesikia? Akakimbia mlango kwa mlango akipiga kelele.

Hakuna aliyekufa. Naandika tena: hakuna aliyekufa. Lakini maji yaliingia jikoni kwa Mama Félicité, yakaenda na unga wake wa muhogo, gunia zima.

Na kwenye maombi hawakuuliza nani amechukua chuma. Walimuuliza Chadrack amekiweka wapi. Ni chake, ndiye anayekitunza. Mkono wangu ulikuwa tayari, lakini swali halikuja kwangu! Mgeni haulizwi vitu vilivyopotea, ni adabu mbaya. Chadrack aliapa kwamba alikiacha mahali pake. Safari hii Mama Félicité hakufoka. Kutofoka kwake ni kubaya zaidi. Mchungaji Venant akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi ya kengele ni uhai wa watu, kwa hiyo Chadrack atakaa chini ya nidhamu, na Pentekoste jina lake halitasomwa.

Nilimkuta Chadrack nje chini ya mparachichi. Watu wasiosema wanaambiwa kila kitu, hiyo ndiyo adhabu yetu. Aliniambia kwamba kwao Runingu nyumba nzima imekwisha, amebaki yeye. Kisha akaniuliza, mimi, mwenye chuma chake mgongoni: Dada, kama hawasomi jina langu, nani atasema kwamba minye, mimi mwenyewe, niko?

Nilimpa kalamu yangu. Sijui kwa nini. Ndicho kitu nilichoshika.

Jumamosi, tarehe 18

Mpango, wa mwisho maishani mwangu: kurudisha chuma kimyakimya. Nitakitumbukiza kwenye majani chini ya mti, kitaonekana, watasema kilianguka. Chadrack atasomwa. Mimi nitabaki mgeni mpaka kifo, na iwe hivyo.

Nilifika saa moja na sakoshi. Walikuwa wamekwisha kuanza salongo! Mama Félicité aliniona kabla sijafika kwenye mti. Hata katika msiba wa unga wake alitandaza mikono. Mugeni wetu anabeba mzigo? Akaivua sakoshi mabegani mwangu. Ikamvuta mkono hadi chini. Akasema masomo ya siku hizi yana vitabu vizito, ndiyo maana watoto hawakui. Akaiweka mapajani mwake, akaikumbatia. Chai. Kiti.

Saa nne nikaaga. Wakanikataza kubeba sakoshi. Vijana wawili wa kwaya walinisindikiza mpaka mlangoni kwa tantine, wakipokezana sakoshi, wakiimba. Waliuficha wizi wangu kwa mikono yao wenyewe na kuufikisha nyumbani salama!

Nilikaa juu ya godoro lililokunjwa nikacheka. Halafu hakikuwa kicheko tena.

Jumapili, tarehe 19. Pentekoste

Nitaandika haraka kabla sijageuza maneno.

Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mara ya ishirini na nane, kiti, makofi, sitasimulia. Kisha Papa Evariste akafungua daftari. Alisoma kwa mpangilio wa walivyoingia, tangu waanzilishi. Jina, na benchi linaitika. Iko! Jina. Iko kwa Bwana! Mzee mmoja alisinzia, na wenzake wakamwitikia kwa nguvu mpaka akaruka. Jina la mama mke wa pili lilitikisa mabati. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama kile. Kila mtu akasemewa na mwenzake kwamba yupo duniani.

Wa mwisho daftarini alikuwa Chadrack. Papa Evariste alifika kwa yule aliyemtangulia, akasoma, wakaitika. Kisha akafunga. Polepole, kwa viganja viwili. Chadrack alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, anaangalia vidole vya miguu yake.

Nikasimama.

Sikupanga! Naapa, hili ndilo jambo pekee ambalo sikulipanga. Sauti ikatoka, ile ya kwenye simu, tena kubwa, sikuitambua. Ni minye! Chuma niliiba minye. Chadrack hana kosa. Chuma iko humu mu sakoshi. Unga wa Mama Félicité ni minye. Nikakitoa. Kikaniponyoka, kikaanguka kwenye sementi, kwa mlio wake watoto wakalia.

Nikafumba macho, nikaweka mgongo tayari. Sasa! Nilijua zamu yangu ya pilipili imefika. Nilikuwa naogopa, na naona aibu kuandika hili, lakini nilikuwa pia naitamani.

Halafu hatua. Halafu kitambaa cha njano usoni mwangu, na Mama Félicité analia shingoni kwangu. Akawageukia watu akatangaza kwamba mugeni wetu amefunguliwa kinywa siku ya Roho! Wakasimama wote. Makofi! Vigelegele! Baba wa kasiksi akanibusu kichwani. Soda mbili!

Papa Evariste alifungua tena daftari na kumsoma Chadrack. Iko! Nusu ya kanisa ilikimbilia mlangoni kumvuta ndani. Hilo ni zuri. Hilo naliacha kama lilivyo.

Kisha akashika kalamu, akaniangalia juu ya miwani, akauliza kama nimetaja jina.

Sikuwa nimetaja! Wizi nimeutaja, sakoshi nimeitaja, jina sikulitaja. Nikafungua kinywa. Kifaranga. Hata kifaranga hakutoka. Alinisubiri, kalamu ikiwa hewani, muda mrefu sana, siwezi kumlaumu. Mwishowe akaandika. Najua kusoma maandishi kichwa chini. Aliandika: Mgeni mmoja ametubu.

Jioni mama alipiga. Aliuliza kama jina limesomwa na kama watu waliitika. Nilimwambia walisimama wote kwa ajili yangu. Akamshukuru Mungu mpaka salio likaisha.

Jumatatu, tarehe 20

Nilifikiri jana ndiyo mwisho wa kuanguka. Kumbe jana nilikuwa bado juu.

Saa kumi na mbili kasoro, godoro halijakunjwa, Mama Félicité ameingia. Bila hodi! Amesimama juu ya kichwa changu, mikono kiunoni. Hakusema mugeni wetu. Alisema, Weye Providence! Sijui jina langu alilitoa wapi. Amka! Watu wa rika lako wamekwisha kwenda mtoni! Unafikiri unga wangu utajitwanga? Jumatano ukitoka shule unapita kwangu, tunatwanga, tena usiniletee mikono ya daftari. Na Jumamosi mawe ishirini, si yale ya kuchezea watoto. Kiti nimekitoa, usikitafute! Na nywele hizo, umezisuka mwenyewe, ama ni mbuzi?

Kisha akamgeukia tantine Olga, akamuuliza godoro hili jembamba ni la binadamu ama ni la paka. Mama Félicité akanywa chai yangu, akasema haina sukari, akaondoka bila kuaga.

Barabarani Chadrack alikuwa anamngoja. Alipiga kelele, avenue nzima ikisikia, kwamba Jumamosi atanipitia saa moja, na nikichelewa atanipigia janti sikioni. Watu wamecheka. Hata yule muuza samaki wa ndagala. Kalamu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Hakuna dalili ya kuirudisha.

Nimekaa hapa nimevunjika. Mara ishirini na nane mama yule alinichekea. Leo hata jino moja hakunionyesha. Kiti kimeondoka, mwavuli umeondoka, soda sitegemei. Wangekuwa wananihesabu mwenzao, wangenisemesha vile? Nilikuwa na ugeni peke yake, na wenyewe wameninyang'anya. Sasa si mgeni, na daftarini simo. Mimi ni nini?

Njia ni moja tu. Nimegundua kwamba Papa Evariste huweka daftari la washirika ndani ya sanduku la vitabu vya nyimbo, na kufuli la sanduku lile ni kamba. Nitalifungua. Nitaandika jina langu mwenyewe, kwa mwandiko wake, chini kidogo ya Chadrack. Hakuna atakayejua. Herufi P anaikunja mguu kuelekea kushoto. Nimekwisha kuijaribu mara arobaini nyuma ya karatasi ya hesabu, na inafanana.

Nitaenda Ijumaa, mchana, watu wakiwa sokoni. Jumatano haiwezekani, kuna muhogo. Na Jumamosi haiwezekani kabisa, nina mawe.